Mdudu Mwenye Chumba cha Ndani

Mjini Kamina hakuna wagonjwa. Kuna watu wenye palu na typho, yaani malaria na homa ya matumbo, na kuna marehemu. Ukiumwa kichwa, ni palu na typho. Ukiumwa goti, ni typho iliyoshuka. Mwaka juzi mama mmoja alianguka kutoka nyuma ya pikipiki karibu na soko, mkono ukavunjika mahali pawili, wakamkimbiza kwenye kituo cha afya cha Docta Amédée, na jioni akatoka pale akiwa na palu, typho, na mkono uleule ukining'inia.

Docta Amédée si daktari. Ni mwuguzi wa miaka minne ya shule, na hiyo si dhambi. Wauguzi wa miaka minne ndio wanaoubeba mkoa huu mgongoni. Dhambi yake ni koti jeupe analolivaa hata kanisani, mpira wa kusikilizia moyo anaouning'iniza juu ya koti hilo, na imani yake kwamba Mungu aliumba magonjwa mawili, akaona ni vema, akapumzika.

Laborantine wa kituo hicho, ndiye mpima damu, akiwa katika mwaka wake wa tisa, alikuwa Delphine Mwadi, mtoto wa kambi ya reli. Baba yake alikuwa mgeuza njia pale reli zinapoachana, moja ikienda Kananga na nyingine Kalemie, na kazi yake yote ilikuwa kutazama kabla ya kuvuta chuma. Delphine alirithi macho yale, akayapeleka mahali padogo zaidi. Alisomea kazi ya labo kule Lubumbashi, akarudi na cheti, na ndoa iliyovunjika, na uwezo wa kukaa saa tatu jicho moja limefumbwa bila kulalamika. Mikroskopi aliyoikuta kituoni ilikuwa ya tundu moja, ya zamani, yenye kioo chini cha kukusanya mwanga wa jua. Mawingu yakitanda, labo inafungwa.

Kabla ya Pasaka ya mwaka huo wa tisa Docta aliona kwamba laborantine wake anachelewesha foleni. Watu arobaini wanangoja kwenye baraza, na yeye amekaa anatazama tone la damu la mtu mmoja kama anayesoma barua ya mchumba. Docta hakumgombeza. Alikwenda sokoni kwa mchonga mihuri, yule anayewachongea wakuu wa shule na wachungaji, akaagiza muhuri wa mpira wenye maneno haya: PALU ++, TYPHO 1/320. Akamletea Delphine pamoja na kibweta cha wino wa buluu. Akasema sasa tumeendelea.

Tangu siku hiyo Delphine alichoma vidole, kwa maana mtu wa Kamina asipochomwa haamini kwamba amepimwa, akapokea damu, akaitupa kwenye ndoo ya dawa ya Javel, akagonga muhuri. Misalaba, zile ++, ilikuwa miwili siku zote. Mtoto wa wiki moja, misalaba miwili. Askofu mzima, misalaba miwili. Na anayetaka kumtetea Delphine hapa asijisumbue. Alijua. Aligonga asubuhi, akagonga mchana, akanawa mikono kwa sabuni, akaenda nyumbani kupika.

Kati ya watu aliowagongea alikuwamo Chancelvie, mke wa Sergent Lumbala wa kule Base, kambi ya jeshi. Chancelvie alikaanga mikate mbele ya nyumba za askari, na ulimi wake ulijulikana kutoka uwanja wa ndege mpaka kituo cha treni. Mwaka uliotangulia alikwenda kwao, upande wa Kabongo, akakaa msimu mzima akimsaidia mama yake kulima shamba la kando ya mto, mahali penye nzi wanaouma hata juu ya nguo. Aliporudi alianza homa za kuja na kwenda. Akaletwa kwa Docta: muhuri, sindano kumi. Baada ya miezi miwili akaletwa tena, kichwa kinamwuma, ngozi inamwasha, usiku hapati usingizi. Muhuri, sindano kumi nyingine, na safari hii za bei kali zaidi, kwa kuwa typho, Docta alieleza, ilikuwa imekomaa.

Mara ya tatu ilikuwa Jumanne moja ya jua kali. Lumbala alimshusha kwenye pikipiki pamoja na godoro la kulalia, akamwegemeza ukutani kama gunia, akaingia kwa Docta bila kufunga mlango, na Delphine akasikia yote. Sergent alisema amechoka. Mke analala mchana kutwa, mikate inaungua kwenye mafuta, majirani wanacheka, mama yake Sergent mwenyewe anasema huo ni uvivu na shangazi anasema ni kitu cha kutumwa. Alhamisi lipo lori la kwenda Kabongo. Kama sindano za leo hazimwamshi, anampandisha na beseni lake, akalale kwa mama yake.

Docta akasema hiyo ni busara. Dawa ya kizungu ikishindwa mara tatu, jambo hilo si la hospitali tena, ni la kinyumbani kwenu.

Ndivyo mambo yanavyokwenda huku kwetu. Mtu anakupa dawa isiyohusika, dawa inakosa kazi ya kufanya, na lawama anapewa shangazi yako.

Chancelvie aliingizwa labo. Delphine alimfunga mpira mkononi, na yule mwanamke akaanza kumtukana kama kawaida yake, kwamba wao ni wanyonya damu, kwamba damu yake yote imekwisha kwenye chupa zao, kwamba hata mbu ana haya kuliko laborantine, na hapo, kabla ya kumalizia habari ya mbu, akalala. Mdomo wazi, mkono umefungwa, tusi limebaki nusu. Delphine alimtikisa. Akafungua macho, akatazama, akalala tena.

Delphine aliketi pale na muhuri mkononi, akauona kama kitu kichafu alichookota njiani. Mtu anayesinzia katikati ya tusi lake mwenyewe, tena Chancelvie, hana typho. Alipitisha vidole nyuma ya shingo ya mgonjwa. Akakuta tezi tatu, laini, zinateleza chini ya ngozi kama mbegu za stafeli lililoiva.

Miaka tisa hakuna aliyemwomba afanye alichokifanya. Alichoma tezi moja kwa sindano, akaifinya, akavuta kimaji kidogo, akakidondosha kwenye kioo. Tone moja akalifunika lilivyo, jingine akaliacha likauke ili alipake rangi. Akageuza kioo cha chini kikadaka jua la dirishani, akafumba jicho la kushoto.

Seli zilikuwa zimetulia. Halafu chache upande wa kulia zikaanza kusukumwa, kama watu sokoni anapopita mlevi. Katikati yao alipita mnyama mmoja, mwembamba, mrefu mara mbili au tatu ya seli nyekundu ya damu, anajinyonganyonga na utando wake ubavuni, anapiga mkia, anakwenda na kurudi. Akatokea wa pili. Ugonjwa wa malale. Ule tuliousoma kwenye vitabu vya Wabelgiji, tukadhani umeondoka pamoja nao.

Alimtuma mfagiaji amwite Docta upesi, kwa kuwa wadudu wale wakishatoka mwilini hawadumu. Docta alikuwa anakula. Alikuja baada ya dakika arobaini, anachokonoa meno, akainama, akatazama. Tone lilikuwa limekauka pembeni na wanyama wamekufa. Akasema haoni kitu. Uchafu tu.

Delphine akamwekea kioo cha pili, kile alichokipaka rangi, ambapo mfu anaonekana vizuri kuliko mzima.

"Hii njo nini?" akauliza Docta.

"Trypano, Docta. Maladie ya kulala."

"Iko microbe?"

"Iko microbe, lakini haiko bakteria. Angalia mu katikati. Ile doa ya violet njo noyau, kiini yake. Bakteria haina noyau."

"Maman Delphine," akasema Docta kwa upole wa mtu anayemwonea mwenzake huruma, "microbe njo microbe. Ceftri iko inaua microbe."

Sasa, jambo hili linafundishwa shule ya sekondari, mwaka wa tatu, na Docta alilifanyia mtihani akapita, hivyo hakuna haja ya kumtafutia kisingizio. Viumbe vyote duniani vimejengwa kwa seli, na seli ni za namna mbili. Ya kwanza ni prokarioti, na bakteria ndio hao. Ni nyumba ya chumba kimoja, kama zile za askari kule Base: kitanda, sufuria, mbuzi na nyaraka za ndoa, vyote pamoja sakafuni. Uzi wa urithi wake, ule wenye maagizo yote ya maisha, umejikunja hapo katikati bila ukuta wala pazia. Bakteria wa typho ni wadogo hata ukiwapanga kumi kichwa kwa mkia watamfikia kwa taabu trypano mmoja. Na kwa nje wengi wamejijengea ukuta mgumu wa namna yao peke yao.

Ya pili ni eukarioti. Hiyo ni nyumba ya kambi ya reli, alimokulia Delphine: kubwa, yenye vyumba. Kuna chumba cha ndani chenye utando wake na milango yake, ndicho kiini, mahali mama anapofungia sanduku la karatasi za familia. Kuna jiko lake mbali, mitokondria, linalochoma chakula kutoa nguvu. Kuna ghala, kuna njia za ndani za kupitishia mizigo. Mhogo ni eukarioti, mbuzi ni eukarioti, kuvu wa mkate mkuukuu ni eukarioti, mdudu wa malaria pia, na mimi na wewe, na Docta Amédée, ingawa kwake mtu angeomba ushahidi.

Na humo ndimo mauti ya watu yamejificha. Ceftriaxone, ile sindano ya Docta, kazi yake ni kuwazuia bakteria kujenga ukuta wao wa nje, wakapasuka. Inatuponya bila kutubomoa kwa sababu seli zetu hazina ukuta ule. Dawa nyingine zinakwamisha ribosomu, viwanda vidogo vya protini, kwa kuwa vile vya bakteria ni vidogo kuliko vyetu na havifanani. Dawa hizo zote zinatafuta nyumba ya chumba kimoja. Trypano hana ukuta ule, na viwanda vyake vimefanana na vyetu. Ni binamu yetu mbaya, amejengwa kwa ramani tuliyojengewa sisi. Unaweza kumchoma Chancelvie sindano mia za ceftri. Mdudu hatajua hata kama mvua imenyesha.

Delphine alimweleza hayo, kwa maneno machache kuliko haya na sauti kubwa zaidi. Docta alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kituo hiki hakitibu malale, hakina dawa ya malale, na mgonjwa akisikia neno malale hatarudi. Wa typho anarudi. Akachukua karatasi ya Chancelvie, akainyoosha mbele ya laborantine wake.

"Gonga."

"Sigongi, Docta."

"Maman, uko na batoto ya kulisha."

"Niko nabo. Sigongi."

Akachukua muhuri akagonga mwenyewe. Akautandika kwa nguvu hata wino ukaruka kwenye koti. Chini yake akaandika ceftriaxone, siku kumi, na ciprofloxacin juu yake, akatoka.

Kwenye baraza Lumbala alikuwa tayari anafunga godoro la mke wake kwenye pikipiki. Delphine alimwona dirishani. Alijua kitakachofuata, maana kitabu kimekieleza bila huruma: usingizi unazidi, mtu anasahau kula, anasahau jina la mtoto wake, analala moja kwa moja, na kule kando ya mto mama yake ataambiwa amtafute aliyemroga. Haitachukua muda mrefu. Na karatasi tatu za buluu zitabaki kuthibitisha kwamba alipimwa vizuri.

Delphine akaibeba mikroskopi kifuani, chuma kizito kile, akatoka nayo nje, akaiweka juu ya benchi la wagonjwa, palipo na jua lote. Watu wakasogea, mmoja akauliza kama leo wanapigwa picha. Akamkalisha Chancelvie ubavuni. Akachoma tezi ya pili mbele ya macho ya watu wote, na Chancelvie hakushtuka hata kidogo, jambo ambalo liliwaogopesha wale waliomjua kuliko damu yenyewe.

"Sergent," akasema Delphine. "Kuja."

Lumbala alikataa. Alisema yeye si mtu wa mashine. Alisema amekwisha kumwelewa Docta.

"Kuja uangalie kitu yenye iko inakula bibi yako. Halafu umupeleke kwenye lori, kama ungali unataka."

Sergent akaja. Kwanza aliona kope zake mwenyewe, kama kila mtu, akasema ni majani. Delphine akamwambia afumbe jicho lingine na asipumue. Akageuza gurudumu polepole. Watu arobaini wenye palu na typho wakamtazama askari mwenye mgongo uliopinda.

"Iko inatembea," akasema Lumbala.

"Iko inatembea."

"Haiko moja."

"Hapana."

Akainua kichwa. Akauliza zile sindano ishirini zilifanya nini basi. Delphine akamwambia: ziliua wadudu wa nyumba ya chumba kimoja ambao mke wake hakuwa nao. Huyu ana chumba cha ndani, dawa yake ni nyingine, iko hospitali kuu kwa watu wa malale, na haiuzwi, inatolewa bure. Akamwambia pia jambo ambalo hakuna aliyemlazimisha kulisema: kwamba mara ya kwanza na ya pili damu ya Chancelvie haikutazamwa na mtu yeyote. Na kwamba mtu huyo yeyote ni yeye.

Lumbala alimtazama, mkono umeshuka kwenye mkanda, na wengi pale walidhani atampiga. Labda angempiga. Lakini Docta Amédée alikuwa ametoka ofisini, koti na mpira shingoni, akisema Sergent asiwasikilize wanawake wenye hasira, na askari akapata mtu mwingine wa kumtazama. Hakumpiga naye. Alimwuliza swali moja tu, taratibu.

"Docta, ile nyama yenye kutembea iko na kitu mu katikati, kama jicho. Typho nayo iko nayo?"

Docta akasema mambo hayo ni ya kisayansi sana.

Lumbala akalifungua godoro, akalitupa chini, akampandisha mke wake mahali pake, akaondoka kuelekea hospitali kuu, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine nyuma ukimshika Chancelvie asianguke.

Delphine alifukuzwa kabla vumbi halijatulia. Na ile foleni? Ungedhani watu arobaini walioona na kusikia yote wangesimama na kwenda zao. Wanne waliondoka. Waliobaki walisogea mbele kujaza nafasi za wanne. Mzee mmoja alimwuliza Delphine, akipita na mkoba wake, nani sasa atamgongea karatasi yake, maana anatoka mbali. Mpaka leo Docta anafanya kazi, na labo yake inakwenda haraka kuliko zamani, kwa sababu haina laborantine.

Hospitali kuu walichoma tezi, wakachoma uti wa mgongo, wakakuta wadudu wamefika mpaka kwenye maji ya kichwani. Wakampa vidonge vya siku kumi. Vidonge hivyo vina sharti: mgonjwa anameza akiwa ameshiba, chakula cha kweli, si chai, na mwuguzi anasimama pale kuangalia. Na hospitali yetu, kama mnavyoijua, ina vidonge lakini haina sufuria. Lumbala alikuwa kazini Base. Kwa hiyo kila siku kabla ya saa sita Delphine, asiye na kazi, alikuja na bukari, ugali wetu, na sombe, yaani kisamvu, kwenye bakuli lililofungwa kitambaa, akamwamsha Chancelvie, akamlisha tonge kwa tonge. Siku za kwanza ilikuwa kama kulisha ukuta. Alitafuna akasahau kumeza, na Delphine akamkumbusha kwa kumgusa koo.

Siku ya saba alimkuta ameketi, macho yamefunguka, anamtazama akiingia tangu mlangoni. Lumbala alikuwa amemweleza yote.

"Maman Delphine. Ile mara ya kwanza, uliangalia damu yangu?"

"Hapana."

"Ya pili?"

"Hapana."

"Juu ya nini hukuangalia?"

Delphine alikuwa na majibu. Docta, foleni, watoto, ada ya shule, mji mzima unaofanya vilevile. Aliyapanga njiani siku saba zote. Alipofungua mdomo hakuona hata moja linaloweza kusemwa mbele ya shingo ile yenye makovu matatu ya sindano.

"Niliogopa kazi yangu," akasema.

Chancelvie alivuta bakuli, akafungua kitambaa, akala peke yake, bila haraka, mpaka akafuta bakuli kwa kidole. Mwuguzi akaleta vidonge. Akameza. Akajilaza akampa Delphine mgongo, na Delphine akaanza kukusanya vyombo.

"Sombe nimechoka nayo," akasema Chancelvie, uso ukielekea ukutani. "Kesho ulete samaki. Na usitume muntu. Kuja weye mwenyewe."